Gauni la Mama wa Kibarazani

Mimi kutoa sarafu barabarani sikuwa na mazoea nako. Niliona ni kumtupia mtu kitu ili akuondokee machoni. Basi yule mama aliyekuja kuombea kwenye kibaraza cha duka letu la ushonaji nilikuwa nampa shikamoo tu, naye ananiitikia "marahaba, mwanangu" kama jirani yangu. Wifi yangu, ambaye tunashona pamoja, alishikilia kwamba waombaji wote wana nyumba za kupangisha. Wifi huyo ana mdomo.

Siku moja mvua ilimkuta, nikamwita ndani, ndipo nikajua habari zake. Mumewe amepooza, amelala kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, hata kujigeuza hawezi. Anachopata mama kibarazani ndicho mzee anachokula jioni. Akikosa, wanalala na njaa wote wawili.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye gauni lake. Kwapa limechanika, pindo limefumuka, mgongoni kiraka juu ya kiraka, tena kwa uzi wa rangi nyingine kabisa. Fundi nikaumia. Nikajiambia, hapa sasa ndipo ninapoweza kusaidia kwa heshima, si kwa kurusha sarafu. Nikatoa kitambaa kizuri, kizito, nikampima, nikamshonea. Wifi akanitania kwamba nimepata bibi harusi. Mama alipolivaa alijishika mabega, akacheka mpaka akaona haya. Lile la zamani nikalikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani. Siku hiyo nilishona huku naimba.

Kumbe nimemfungia riziki.

Watu wakawa wanapita tu. Wengi walidhani ni mteja anayesubiri nguo yake. Bwana mmoja mwenye mkoba akamuuliza, mama mzima umependeza hivyo, huoni haya kuombaomba? Jioni akarudi kwa mzee mikono mitupu, na kesho yake vilevile. Nikawa nampa chakula changu cha mchana, lakini nyumbani kwangu nako kuna vinywa, na kodi ya duka haingoji. Mwishowe wifi akaniuliza kama na watoto wetu nao tuwapeleke kibarazani. Nikanuna, lakini chakula nikaacha kumpa.

Mama hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alihangaika na gauni kimyakimya. Akaligeuza, ndani likawa nje, lakini mishono yangu ni safi hata kwa ndani, sikuzoea kulipua kazi. Akalipaka matope, watu wakampa pole ya kuanguka, wakaenda zao.

Leo asubuhi amekuja akasimama mlangoni, midomo imemkauka. Akasema mzee hajala tangu juzi, na jana hakuuliza tena kama kuna chakula. Akataka kujua lile gauni lake la zamani liko wapi. Wifi, na mdomo wake wote ule, akainamia cherehani. Nikamwambia ukweli. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Basi nikatie hili, mwanangu," akasema. "Mimi sina mkasi."

Nikamwambia avue. Akasema ndani hana kitu, nimkatie hivyohivyo mwilini. Nikashika mkasi. Nikafumua kwapa, nikachana pindo, nikararua bega, machozi yananitoka na hasira zimenijaa, sijui hata za nani. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua moja nimtazame, maana ndivyo nifanyavyo kwa kila mteja. Yeye akaenda kwenye kioo, akageuka huku, akageuka kule.

"Ongeza kidogo mgongoni," akasema. "Bado napendeza."