Kimo cha Kiondo

Barua ilimkuta Mbinya nyumbani Kalamba, nyuzi za mkonge zikiwa pajani. Mwalimu aliyemsomea alisita mara mbili. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa anarudisha viondo vyote, vikapu vya mkonge walivyomsukia. Kwenye ukurasa wa intaneti aliona viondo vifupi vya tumbo pana, akaletewa virefu. Mwishoni aliandika kwamba kikundi chao cha wasusi ni cha waongo.

Mbinya alikuwa mwenyekiti tangu mwaka wa themanini, na sasa ni tisini na tisa. Neno hilo hakuwahi kuambiwa, hata na adui. Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya akina mama akasema aliyewachafulia jina ni Kagure, binti ya Ndungu mwenye duka kule Sultan Hamud, yule aliyewachorea kiondo cha ukurasa ule kwenye kompyuta. Jumatatu akamfuata.

Kompyuta ilikaa nyuma ya duka, katikati ya magunia ya pojo.

"Mama, tazama kwanza, halafu ndio unichinje," Kagure alisema.

Kwenye ukurasa uliojaza nusu ya skrini kilisimama kiondo chao, kirefu, milia yake mitatu myekundu, bila kasoro. Nusu ya pili Kagure aliiacha ya kuandikia amri zake, kama kawaida yake.

"Sasa yule mzungu aliona cha nani?"

Kagure alifikiri kidogo. Akashika ukingo wa ukurasa, akauvuta mpaka ukajaza skrini nzima. Kiondo kikatanuka ubavuni, kikabonyea kama chura aliyekanyagwa na ng'ombe.

Mbinya akajikuta amekaa juu ya gunia. Hakukumbuka kukaa.

"Kwani hii mashine imelewa?"

"Hapana, Mama. Mnunuzi aliufungua ukurasa ukiwa umejaa hivi. Hii si picha, ni mistari ninayoiamuru kompyuta ichore. Upana nimeuambia ufuate ukurasa. Kimo nimekifunga."

"Na nani alikutuma ukifunge?"

Kagure aliinamisha macho. "Wewe. Ulisema vidole kumi na tano, hata dunia ipinduke, kimo kisiguswe."

Alisema kweli, na Mbinya alijua. Maneno yale alikuwa akiwaambia wasusi wavivu kila wiki, wale wanaokatiza kiondo ili wawahi nyumbani. Akamwambia na msichana huyu, ambaye hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi.

"Lakini kiondo cha mtoto hatukisuki hivyo," alisema polepole. "Mdomo ukiwa vidole kumi, kimo kumi na tano. Mdomo ukiwa vinane, kimo kumi na viwili. Kimo kinaufuata mdomo. Sikukuambia."

"Hukuniambia."

Kagure akaandika upya, kimo kifuate upana. Akauvuta ukurasa, kiondo kikakua. Akaurudisha, kikapungua mpaka kikawa kama cha kumchezesha mtoto, na bado kilikuwa kile kile, milia yote mahali pake. Mbinya akainama karibu na skrini, akaihesabu milia.

"Mnunuzi nitamwandikia mimi," Kagure alisema. "Lakini wale wa kanisani, Mama? Tayari wananiita mwongo. Jana nimesikia."

Mbinya alijiinua kutoka juu ya gunia. Kagure akamshika mkono.

"Jumapili uje Kalamba," Mbinya alisema. "Ukae mbele kabisa. Nikisimama kusema nilikosea, nataka niwe nakutazama wewe. Wale wengine sitawaweza."