Tonge la Mizani

Msimu wa pamba ulipokwisha, kampuni iliyokuwa ikinunua pale Dutwa ilifunga ghala, ikapakia mbwa wake mkubwa wa kizungu kwenye lori, ikaenda zake. Mtoto wa mbwa huyo ikamwacha. Mama yake, mbwa koko wa sokoni, alikuwa amekwisha kufa kwa kugongwa na lori, basi kitoto kikabaki kinalia chini ya mizani hadi Mayunga, mlinzi wa ghala, alipokibeba na kukipeleka kwa shemeji yake Kwandu.

Kwandu hakumtaka. Kwao mbwa hulala zizini na ng'ombe, na huyu alikuwa chotara mwenye masikio yasiyojua kusimama wala kulala. Lakini binti yake Anna, wa miaka minane, alikuwa hali chakula cha maana tangu walipomzika baba yake, Machibya, miezi miwili nyuma. Alikuwa amebaki macho na mbavu. Jioni ile Anna alimega tonge la ugali, nusu akampa mtoto wa mbwa, nusu akala mwenyewe. Kwandu akageukia moto asionekane analia, kisha akasema mbwa alale ndani.

Wakamwita Mizani. Kila mlo ukawa hivyo: yeye kizingitini, Anna kando yake, nusu kwa nusu, hadi mashavu ya mtoto yakarudi.

Mvua zilipoanza, kupe wakamjaa Mizani masikioni. Zamani serikali ilikuwa na josho la ng'ombe. Soko likawa huria, josho likawa kavu, na watu wakajifunza kuosha ng'ombe kwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Machibya alikuwa amemfundisha mkewe: kifuniko kimoja cha chupa kwenye ndoo ya maji. Kupe walikufa, ng'ombe hawakufa. Nani angeuliza zaidi? Kwandu akapima kifuniko kimoja, akamwogesha Mizani taratibu, Anna akiwa amemshika. Hakufikiri kwamba ng'ombe ni ng'ombe, na kitoto cha mbwa huenea kwenye ungo. Wala hakukumbuka kwamba mbwa akilowa hujilamba mpaka akauke.

Jua halijatua, Mizani alikuwa anatetemeka, povu limemjaa mdomoni. Wakamnywesha maziwa. Hayakusaidia kitu. Alikufa mapajani mwa Anna.

Kwandu alimzika nyuma ya zizi. Aliporudi alimkuta Anna ananusa viganja vyake mwenyewe, vyenye harufu ya dawa.

"Mayu, alitaka kukimbia," Anna alimwambia mama yake. "Mimi nikamshika."

Kwandu alitamani kusema ni kupe, au ni Mungu, au siku zake zilikuwa zimefika. Uongo ulikuwa karibu, na mtamu. Akapiga magoti.

"Ulimshika kwa sababu nilikuambia. Dawa niliweka mimi, mwanangu. Nimemuua mimi."

Siku mbili Anna hakuonja chakula, na Kwandu aliona mbavu zile zinarudi, akajichukia.

Siku ya tatu Anna alimega tonge, akaweka nusu kizingitini, akakaa akiitazama. Nusu yake ilimpoa mkononi. Kwandu, mjane mwenye heshima zake, aliinuka kwenye kigoda, akaenda kukaa chini pale kizingitini, mahali pa mbwa. Akaiokota ile nusu, akaila polepole, machozi yakawa ndiyo mboga.

Anna alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatia nusu yake mdomoni, akatafuna, akamega tonge lingine na kuligawa katikati.