Ofisi ya Kuvua Viatu

Asmani wa Rumonge alikuwa seremala wa kujisifu, na kwa kuwa sifa zake nyingi zilikuwa za kweli, watu walimvumilia. Mwezi wa sita mwaka wa 1962, uhuru wa Burundi ukiwa umebakiza wiki tatu, Abdulhamid mwenye kampuni ya mawese alimkabidhi nyumba aliyohama Mbelgiji mmoja, akamtaka aigeuze ofisi.

"Sitaki biro ya Muzungu," alisema Abdulhamid. "Mutu akiingia tu, ajue sisi ni watu gani. Ukiweza, utanitengenezea na ya Gatete na ya Muhuta. Ukishindwa, iko fundi mumoja kule Bujumbura."

Kazi tatu, sehemu tatu, kwa mpigo mmoja. Siku hiyo hiyo Asmani alimwahidi mkewe Wema paa la mabati.

Sisi ni watu gani? Asmani alijijibu mwenyewe bila kumuuliza mtu: sisi ni waungwana, watu wa dini, watu safi. Akapaka kuta chokaa. Akamwomba Wema asuke mikeka ya kufunika sakafu yote. Kwenye ukuta usio na dirisha akaweka rafu ya mafaili, na juu yake tao la mbao lenye majani na maua, alilolichonga kwa siku kumi na mbili. Ukuta huo ulielekea kibla, lakini hilo halikumpitia kichwani.

Wema alipoliona tao aliuliza, "Baba Aziza, na mimbari utaiweka wapi?"

Asmani akacheka. Alidhani ni utani.

Ofisi ilipofunguliwa, wauza mawese waliacha ndala mlangoni, wakaingia kwa adabu na kuongea kwa kunong'ona. Mzee Amissi alitua madebe yake mawili nje, akaingia, akasimama mbele ya mafaili na kusali rakaa mbili, ndipo akamsalimia mwenye ofisi. Abdulhamid alifurahia heshima ile mpaka alipouliza bei. Mzee akainamisha macho, akasema atarudi, akabeba madebe yake hadi sokoni. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Nani atapatana bei mahali kama pale? Na Rumonge, mawese bila kupatana ni ugali bila ndagala.

Siku ya nne ghala lilikuwa bado tupu.

"Fundi, umenijengea musikiti," alisema Abdulhamid. "Mawese yasipoingia hadi siku ya mposho, namuita yule wa Bujumbura."

Hiyo mposho, yaani Jumamosi, ilikuwa keshokutwa. Asmani alikwenda sokoni amekunja uso, akamtafuta Kulthumu, muuza mawese mwenye mdomo kuliko wote.

"Mama, mbona haukuji kwetu?"

"Mie niko na mudomo mubaya, fundi. Mule ndani naogopa zambi." Akafuta mkono kwenye kitenge. "Huyo Abdulhamid tumeuziana miaka kumi, yeye amekalia debe, tunatukanana vizuri. Sasa nimunong'oneze?"

Asmani aliona aibu, na aibu ile ilimuuma hasa kwa sababu mkewe alikwisha kumwambia. Akarudi, akakunja mikeka. Akachukua msumeno akalikata tao kwa mkono wake, na kila jani lililoanguka lilimchoma moyo. Meza kubwa aliyokuwa ameing'arisha kwa vanishi akaitoa barazani, mbele ya macho ya njia nzima. Akapindua madebe matupu, akayapigilia vibao juu yakawa viti, na debe moja akaliweka nyuma ya meza kwa ajili ya Abdulhamid.

Jumamosi asubuhi Kulthumu alifika na ndala zake miguuni, akatua debe katikati ya meza, akataja bei ya kuchekesha. Abdulhamid akamwita mwizi. Kulthumu akamwita mchoyo, mtoto wa mchoyo. Watu wakajaa na madebe yao, na kufika adhuhuri ghala halikuwa na nafasi.

Debe la Kulthumu lilipoondolewa, liliacha duara jekundu juu ya vanishi. Asmani akaja mbio na kitambaa. Abdulhamid akalifunika kwa kiganja.

"Acha hiyo. Wewe nenda Gatete ukapime."

Meza ya Gatete ilipokamilika, Asmani aliing'arisha mpaka akauona uso wake. Kisha akamwomba Wema debe la mawese la nyumbani, likiwa limelowa chini, akalikandamiza katikati ya meza. Akaliinua, akalitazama lile duara, akaanza kujisifu.