Vidole Kumi vya Mama

Kwenye karatasi, uchaguzi ule ulikuwa wa wajumbe wa baraza la jimbo, watu wa kushughulikia maji, barabara na madawati ya shule. Lakini hakuna mtu mtaani kwetu aliyemsikia mgombea akitaja dawati. Ugomvi wote, kuanzia sokoni hadi msibani, ulikuwa mmoja tu: jimbo lijitenge lisimame lenyewe, au libaki lilipo. Hata kinyozi alikuwa anakuuliza upande wako kabla hajakuuliza unanyoa vipi.

Mama alikuwa wa kujitenga, mimi wa kubaki. Yeye alisema amechoka kupangiwa zamu ya maji na watu ambao hawajawahi kuliona bomba letu. Mimi nilisema ukijenga ukuta katikati ya nyumba, huongezi vyumba, unaongeza ukuta. Tuligombana mpaka sauti zikatukauka, mwishowe tukapatana kwamba siasa haivuki mlango wa jiko lake.

Mama ni fundi wa kutia vitambaa rangi. Chama chake kilichagua zambarau, na bendera zao zote zilipita kwenye mapipa yake uani. Glavu havai. Anasema fundi asiyekishika kitambaa kwa vidole vyake hajui kama rangi imeingia au imekaa juu tu. Wiki ya uchaguzi alifanya kazi mpaka siku ya mwisho, na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo, kwa sababu wino wa tume ya uchaguzi, ule anaochovywa mtu kidole akishapiga kura, nao ulikuwa wa zambarau. Nani aliyeuagiza, sijui. Ningempata ningempa adhabu ya kufuta ubao mwaka mzima.

Siku ya kura nilikuwa msimamizi wa kituo, ndani ya darasa la nne ninalofundisha mwenyewe. Wapiga kura, wazee kwa vijana, walikuwa wanapita katikati ya madawati kama wanafunzi waliochelewa. Mawakala wa vyama walikuwa wawili. Wa kujitenga alikuwa msusi, dada mcheshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wa kubaki alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Kifungu, maana hawezi hata kuomba chumvi bila kutaja kanuni.

Saa nne asubuhi mama akaingia, gauni lake la heshima limepigwa pasi likanyooka. Karani akamwomba aonyeshe vidole. Mama akanyoosha mikono yote miwili, zambarau tupu kutoka kucha hadi viganja.

"Huyu kapiga kura mara kumi!" mtu akasema kwenye foleni, wakacheka.

Kifungu akasimama. "Msimamizi, kanuni inasema mwenye alama ya wino asipewe karatasi."

"Acha hizo, mzee!" msusi akamrukia. "Jina lake halijawekwa alama kwenye daftari. Na kazi yake mtaa mzima tunaijua."

"Daftari lenyewe lina watu walioandikwa mara mbili. Ndiyo maana ukaletwa wino."

Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili wakaniangalia mimi. Nilijua hajapiga kura. Tunaishi nyumba moja, na alfajiri nilimwacha hata chai hajanywa. Lakini nilichokijua kama mtoto sikuweza kukiandika kama msimamizi.

"Mama," nikasema, "siwezi kukupa karatasi. Wino wetu hautoki hata kwa patasi, rangi yako inatoka. Nenda ukasafishe kidole kimoja tu. Kikitakata, utapiga kura. Tunafunga saa kumi."

"Unanirudisha mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu unajua naenda kumpigia nani."

Hilo lilinichoma. Lakini mbele ya watu wale jibu lolote lingekuwa la mtoto. Akageuka akatoka, na kwenye foleni nikasikia mtu akisema, "Mtoto gani huyu! Sumu tupu!" Sheria ni msumeno, tunawaambia wanafunzi, unakata mbele na nyuma. Hatuwaambii unavyouma. Rangi ya mama huwa inakaa wiki nzima, na mimi nilikuwa nimempa saa sita. Kura ambayo alikuwa ameisubiri tangu kabla sijazaliwa, ilikuwa inampotea mkononi mwangu.

Kifungu alikuwa anaandika kwa raha zake. "Na wewe, mzee," nikamwambia, "hilo gazeti lenye picha ya mgombea wako chini ya kiti, litoke nje. Sasa hivi." Likatoka.

Saa kumi kasoro dakika kumi mama akarudi. Alipanga foleni kama wengine, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimezungushiwa kitambaa chenye maji. Akakifungua mezani. Alikuwa amekisugua kwa ndimu, kwa dawa ya madoa, kwa jiwe la kusugulia miguu. Kilikuwa chekundu, ngozi imechubuka kwenye kiungo, ukucha mweupe.

Kifungu akavaa miwani, akainama, akatazama mpaka kwenye mzizi wa ukucha.

"Kimetakata," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Pole, dada."

Mama akapiga kura yake. Akaja nikakichovya kile kidole kibichi kwenye wino, mimi mwenyewe. Akauma mdomo.

"Inauma?"

"Fanya kazi yako."

Tulihesabu mbele ya mawakala, karatasi moja moja. Kubaki mia mbili na kumi na nne, kujitenga mia moja tisini na saba. Msusi alitia saini huku machozi yanamtoka, na jua lilikuwa bado halijazama nilipobandika matokeo mlangoni.

Watu wa kujitenga walikuwa wamejaa uwanjani. "Wizi! Msimamizi ni wa kubaki!" Mmoja akaupiga mlango teke. Msusi alijaribu kusema, wakamzomea hata yeye.

Ndipo mama akapenya mpaka mbele, akapanda ngazi, akasimama kati yao na mimi.

"Nani kasema wizi? Mimi nimeshindwa hapa, na roho inaniuma kuliko hiki kidole. Lakini huyu alinirudisha mimi, mama yake mzazi, mbele ya watu. Aliyeninyima mimi, ampendelee nani? Semeni!"

Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wengine wakija kwanza kuzisoma namba kwa macho yao. Nilijaa fahari, na sikuwa nafikiria ushindi wa upande wangu hata kidogo.

Mama akanigeukia. "Siku tukipata nchi yetu," akasema, "kura nitataka uhesabu wewe."

"Nchi hiyo haitakuwepo, mama."

"Itakuwepo. Na wewe utahesabu."