Shavu la Kushoto

Kama hujawahi kumpaka mtu mzima mate usoni ukasifiwa kwa kazi nzuri, basi hujafanya mafunzo kwa vitendo katika jumba la sanaa la chuo chetu. Sisi wanafunzi wawili tuliyafanya hayo kwa wiki kadhaa. Unachukua kijiti chenye pamba, unakilowesha mdomoni, unakizungusha polepole juu ya picha ya zamani, na uchafu unatoka. Mate yanang'oa moshi na vumbi lakini hayali rangi ya mafuta. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani tunachezewa shere.

Aliyetufundisha ni msimamizi wa jumba, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Tulimpa jina la Pimamaji, kwa sababu kile chombo cha kupimia kama fremu imekaa sawa hakikumtoka mfukoni. Sheria yake ilikuwa moja: macho kwenye pamba, si kwenye picha. Kila ukifuta, itazame pamba. Ikiwa na rangi ya chai, huo ni moshi, endelea. Ikiwa na rangi nyingine yoyote, simama hapo hapo umwite.

Mwenzangu tulimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Ni mtu wa kukunja mfuko wa plastiki kabla ya kuutupa. Siku hiyo, hata hivyo, haraka ilimwingia, nami simshangai, maana picha ilikuwa ya kwao. Marehemu baba yake alisoma chuo hiki hiki, na maonyesho yaliyokuwa yafunguliwe jioni yalikuwa ya wachoraji waliopita hapa. Baba huyo alikuwa amemchora mama yake Taratibu angali msichana, amekaa dirishani, kageuza uso. Picha ile ilitundikwa sebuleni kwao kabla Taratibu hajazaliwa na haikuwahi kushuka ukutani. Mama yake hakutaka kabisa kuitoa. Taratibu alimbembeleza mpaka akakubali, kwa sharti.

"Irudi kama ilivyotoka," alimwambia. "Ikirudi vingine, mimi na wewe tutakosana vibaya."

Shavuni, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeusi, kana kwamba mtu katoka jikoni akapagusa. Taratibu alilizoea tangu utotoni.

"Moshi huo," aliniambia huku akilowesha pamba. "Baba angekuwepo leo angefurahi. Unajua alikuwa mtu wa namna gani? Hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja."

Sifa za baba yake nilikuwa nimeshazihifadhi zote. Nikaitikia tu.

Alianza pembeni, kama tulivyofundishwa. Pamba ikatoka na rangi ya chai. Akafuta dirisha, chai tena. Akafika kwenye shavu, na hapo akaisahau pamba. Doa lilikuwa linayeyuka na shavu la msichana linajitokeza chini yake, laini, la maji ya kunde. Taratibu akawa anatabasamu na kuzungusha, anatupa kijiti na kuchukua kingine bila kutazama. Mimi ndiye niliyeangalia sahani ya pamba chafu.

"We Taratibu, hebu acha."

"Nini?"

"Tazama pamba zako."

Zilikuwa za buluu. Buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Moshi wa namna hiyo haupo, hata jiko liwe la nani. Taratibu alibaki ameshika kijiti, ananitazama mimi, anaitazama pamba, ananitazama tena, kama vile mimi ndiye ningeirudisha rangi mahali pake.

Nikamkimbilia Pimamaji. Alikuja na tochi, akainama juu ya picha, akaimulika kwa ubavu.

"Rangi ya unga, ya kukorogwa kwa maji," akasema mwishowe. "Ndiyo maana mate yameichukua. Lakini chini yake shavu ni zima. Lilimalizwa likakauka kabla ya hili doa. Mtu alilipaka juu baadaye."

"Nani, mwalimu?" aliuliza Taratibu.

"Nitajuaje? Pengine wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo." Akazima tochi. "Sikiliza. Umevunja sheria yangu, na hilo tutalizungumza. Ila picha imerudi vile alivyoichora baba yako. Mama yako akifika tunamwambia tumetoa moshi, basi."

"Alisema irudi kama ilivyotoka."

"Na ripoti yako ya mafunzo nasaini mimi. Bila hiyo humalizi chuo. Jioni wanakuja wakubwa wote, sitaki kilio ukumbini."

Pimamaji si mtu mbaya. Aliogopa, kama sisi. Lakini nilimchukia pale pale.

Tukaitundika. Pimamaji akaweka chombo chake juu ya fremu, akasogeza kidogo kulia, akaridhika. Taratibu hakwenda kula, alibaki amesimama kando ya picha. Nilimtania kwamba akiendelea kusimama hivyo wageni watamsomea maelezo yake ukutani. Hata hakunisikia. Kila mlango ulipolia aligeuka.

Mama yake alifika kabla ya wageni. Ni fundi cherehani, na ile futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, kasahau kuivua.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Aliiendea moja kwa moja. Akasimama mbele yake.

"Karibu sana, mama," akasema Pimamaji, kwa sauti laini ambayo sisi hatujawahi kuipata. "Tumeitoa moshi. Unaona ilivyong'aa."

"Naona."

Hilo tu. Nami nasema ukweli, nilitamani yaishie hapo. Neno moja zaidi na Taratibu angepoteza chuo na mama kwa mkupuo. Nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"Mama, ni mimi," akasema. "Lile doa nimelifuta mimi. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

Mama yake aliketi kwenye benchi katikati ya ukumbi.

"Unajua nani aliliweka?"

"Hapana."

"Mimi."



"Nilikuwa na mimba yako," mama akasema. "Baba yako akanipiga. Usoni. Kesho yake alipotoka nikachukua rangi zake, nikasimama mbele ya kioo, nikaweka kwenye picha doa lile lile nililoliona usoni kwangu. Langu likapona. La kwenye picha likabaki. Aliporudi aliliona, akaliacha. Hakunigusa tena. Wageni wakimuuliza, anawaambia ni moshi."

"Baba?" akauliza Taratibu. "Baba yangu mimi?"

"Baba yako. Kwako alikuwa mwema, hilo sikunyang'anyi. Kitambaa kibichi tu kingetosha kulifuta, na yeye fundi wa rangi, alijua. Hakuthubutu mpaka anakufa."

Nilitaka kumshika mwenzangu mkono, nikashindwa kusogea. Nje sauti za wageni zilianza kusikika.

"Mama," alisema Pimamaji, "kama ungependa tuiteremshe..."

"Sitaki iteremshwe. Nataka iwe kama nilivyowapa. Nyumba nzima ya picha, mtakosa rangi ya buluu?"

Katika jumba lile hakuna anayeongeza kitu juu ya kazi ya mchoraji. Kwa Pimamaji hiyo ni dhambi kubwa kuliko wizi. Aliutazama mlango, akamtazama mama. Kisha akaenda mwenyewe chumba cha kazi, akarudi na sahani ya rangi iliyokorogwa na brashi, akaviweka kwenye benchi. Akaenda kusimama mlangoni kuwazuia wageni. Chuki yangu ikapungua nusu.

Mama hakuigusa brashi.

"Shika wewe," akamwambia mwanawe.

"Siwezi, Mama."

"Kufuta uliweza."

Hakusema kwa ukali. Taratibu akachovya brashi, akausogelea uso wa msichana yule, machozi yanamtiririka. Doa alilokuwa akiliona siku zote, sasa hakukumbuka lilianzia wapi. Mama yake akainuka. Akageuza uso wake kwenye taa, akaweka kidole juu ya shavu lake la kushoto.

"Juu kidogo," akasema. "Hapa, kwenye mfupa. Hapa ndipo palipouma."