Sahihi ya Marehemu

Jumanne asubuhi dobi wa hospitali alivua aproni, akakausha mikono, akavuka uwanja hadi dirisha la kliniki kuomba vidonge vya kuzuia mimba. Nesi alimsukumia fomu. Chini yake kulikuwa na nafasi mbili za sahihi: ya mke na ya mume.

"Mume wangu alifariki mwezi wa tatu, dada."

"Pole sana. Anarudi nyumbani?"

"Kila siku, saa kumi na moja jioni."

"Basi akija asaini."

Dobi alikuwa na watoto sita, umri wa miaka thelathini na mitatu na mgongo wa bibi kizee. Mumewe, alipokuwa hai, hakuwahi kuingia na hata kipande cha sabuni, na kufa hakukumbadilisha. Siku ya nne baada ya mazishi alirudi na udongo masikioni, akauliza chakula kiko wapi. Majirani walimjulia hali. Mama mkwe alisema mwanawe amekonda, hatunzwi. Chumbani alidai haki yake kama zamani, na kulipokucha dobi alikung'uta funza kwenye shuka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefua damu, usaha na matapishi ya watu asiowajua. Doa la mumewe lilimshinda.

Jioni ile alimwekea fomu mezani. Marehemu aliisoma polepole kwa jicho lililobaki.

"Sisaini. Unataka kunikatia uzazi, mimi bado kijana?"

"Umekufa, baba watoto."

"Kufa ni kufa, ndoa ni ndoa."

Dobi akaenda mahakamani kudai talaka. Siku ya shauri marehemu alifika na suti aliyozikwa nayo, inzi wakimtangulia. Alipoapa, kidole chake kimoja kilibaki juu ya kitabu. Karani alikiokota kwa karatasi, akamrudishia kwa heshima.

"Lalamiko lako ni nini, mama?" aliuliza hakimu, mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Amekufa, mheshimiwa. Ananuka."

"Anakupiga?"

"Mkono hauna nguvu tena."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Nani atamtaka?"

Watu wakacheka, na marehemu naye akacheka, akashika taya lisidondoke.

Hakimu alifungua sheria ya ndoa. Ilipitishwa miaka arobaini nyuma, na mwishoni mwake zilichapwa hotuba za walioipitisha. Mbunge mmoja alisema kumpa mke talaka na kidonge ni kumkabidhi mbuzi ufunguo wa zizi. Wenzake walipiga meza. Mwingine akaongeza kwamba tumbo la mke ni shamba la taifa, na shamba halichagui msimu. Hapo walisimama wakashangilia. Sababu za mke kuachika ziliandikwa tatu: mume kuwa kichaa, kuwa na ukoma, au kuihama nyumba.

"Kuoza hakumo," alisema hakimu. "Na nyumba hajaihama."

"Na nikishika mimba yake?"

"Usiwe na wasiwasi, binti yangu. Mtoto atakuwa halali kabisa."

Harufu ya mumewe dobi alishaizoea. Kilichompandisha nyongo ni ile sauti ya upole. Alitapika hapo hapo, mbele ya kizimba. Karani alimletea tambara na ndoo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeinama, dobi akapiga magoti akasafisha mwenyewe. Hakimu alimsubiri amalize, kisha akatupilia mbali ombi lake na kuwaamuru warudi nyumbani pamoja.

Nje, kwenye ukumbi, wanawake kama ishirini walikuwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu, kila mmoja na mumewe ubavuni. Dobi alipita taratibu akiwatazama wanaume wale usoni, mmoja mmoja. Wengine walikuwa na inzi, wengine hawana. Zaidi ya hapo hakuona tofauti. Karani akaita shauri linalofuata. Mama mmoja mjamzito akainuka, akamshika mumewe kiwiko kwa uangalifu, kisije kikabanduka.