Vidole Vitatu vya Shangazi

Wananiita Birika. Jina hilo nilibandikwa na Fundi Redio, mshonaji mwenzangu, siku ya tatu tu tangu nianze kazi katika karakana ya shangazi, aliponiona nikiokota nyuzi sakafuni. Hazikuwa nyuzi zilizokwisha. Zilikuwa ndefu, mkono mzima, ambazo yeye huzikata na kuzitupa kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Nilizizungusha kwenye karatasi ngumu nikazitia mkebeni. Akasimamisha cherehani yake, akapaza sauti ili hata fundi simu wa mlango wa pili asikie.

"Jamani, huyu ana mkono wa birika! Kwake hata uzi uliokufa hauzikwi!"

Basi, tangu siku hiyo, Birika.

Jina lenyewe halinisumbui. Kinachonichosha ni kwamba Fundi Redio huyohuyo, kila mwezi ukifika katikati, hunijia kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna anayejua kwamba redio ile inayo. "Birika, dada yangu, hivi una chochote hapo?" Ninacho. Bila shaka ninacho! Ninacho kwa sababu sikununua miwani ya jua ya pili ilhali jua ni lilelile moja. Nampa, anaweka mfukoni, na kabla hajafika mlangoni ameanza kunitania tena.

Nimelelewa na mama aliyekuwa akipasua bomba la dawa ya meno kwa wembe ili mswaki ufike pembeni. Vipande vya sabuni vilivyobaki alivikandamiza pamoja vikiwa vibichi mpaka vikawa kipande kimoja chenye rangi tatu. Kwa sabuni ya rangi tatu nimesoma, na kwa sabuni hiyo nina stashahada ya ushonaji ukutani. Kwa hiyo mtu akiniambia nibadilike, huwa namuuliza: nibadilike niwe nani? Niwe wewe, unayenikopa?

Lakini nieleze habari ya mkasi, maana ndiyo iliyonifanya nikae nikajifikiria.

Karakana ya shangazi, dada yake baba, ni chumba kimoja chenye dirisha moja, cherehani tatu, na meza ya kukatia iliyokula nusu ya nafasi. Mkasi ni mmoja. Ni mzito, na vipini vyake vimezungushiwa kitambaa kilichogeuka cheusi kwa jasho la mkono wa shangazi la miaka mingi. Sheria ya pale ni fupi: sisi tunashona, yeye anakata. Hakuna anayegusa mkasi ule, hata kwa kukata uzi. Nguo inaamuliwa mezani. Sisi wa kwenye cherehani tunafuata tu njia iliyokwisha kuchorwa. Nilikuwa na miaka miwili nikifuata njia, na stashahada ukutani ikinitazama.

Kisha kidole gumba cha shangazi kikaanza kuvimba. Mwanzoni alikificha. Baadaye akawa anakata huku ameuma midomo. Siku ile msimamizi wa wahudumu wa hoteli moja mjini alipoleta kitambaa cha magauni kumi na mawili ya sare, shangazi alikitazama kile kitita, akautazama mkono wake, akausukuma mkasi upande wangu wa meza.

"Hizi kata wewe."

Cherehani ya Fundi Redio ilinyamaza.

"Zikitoka vizuri," shangazi akaendelea, "meza hii ni yako. Mimi nitakaa pale dirishani nipokee wateja. Zikiharibika, nitatafuta mkataji wa kulipwa, nawe utarudi kwenye pindo. Umenielewa, mwanangu?"

Nilimwelewa hadi kwenye mifupa. Wakataji wa kulipwa nawajua. Wakishaingia mahali hawatoki, na hakuna kati yao anayemwachia msichana mkasi.

Wahudumu wakaja kupimwa, kumi na wawili, wakajaza chumba kwa vicheko. Niliwapima mmojammoja, kifua, kiuno, nyonga, nikiandika kwa mwandiko wa kupendeza. Walisimama wima kama askari wa gwaride. Mkubwa wao kwa umbo, waliyemwita Mama Mapacha, alinikazia macho nilipomzungushia futi kiunoni.

"Andika vizuri, fundi. Usinitie chumvi."

"Siongezi hata nukta, dada."

Shangazi alikuwa dirishani akimenya chungwa. Walipoondoka alisema neno moja tu. "Usisahau vidole vitatu."

Hapo ndipo nilipoanza kuchemka. Vidole vitatu ni desturi yake. Akishachora mstari wa mshono, huweka vidole vitatu nje ya mstari, kila ubavu, ndipo akate. Nguo yote hiyo inabaki ndani, imelala, haionwi na mtu. Tena vidole vyenyewe ni vyake. Vitatu vyake ni vinne vyangu. Chuoni tulifundishwa sentimita moja na nusu, kwisha. Miaka miwili nilikuwa nimeshona mistari ya shangazi nikiona kitambaa cha watu kikifungiwa ndani ya mbavu za magauni kama mahabusu, na moyo ukiniuma kila mara.

"Shangazi, chuoni—"

"Najua chuoni. Kata."

Nikakata. Nilichora siku nzima kabla ya kugusa mkasi. Nilipanga vipande vya karatasi juu ya kitambaa, nikavipangua, nikavipanga tena. Mkono wa gauni hili uliingia kwenye shingo ya lile, kola zikakaa kwenye pembe ambako shangazi angeacha matambara. Niliweka sentimita moja na nusu kila ubavu. Hoteli ilikuwa imeleta mita thelathini. Nilipomaliza gauni la kumi na mbili, mezani palibaki mita tatu na nusu, nzima, bila kovu.

Nilizikunja nikazipeleka dirishani kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mtoto mchanga kwa bibi yake. Msimamizi alikuwa amesema mapema kwamba masalio ni ya karakana. Mita tatu na nusu ni aproni saba. Nilikuwa nimekwisha kuzihesabu.

Shangazi alizipapasa kingo. Hakutabasamu. "Weka rafuni, juu kabisa," alisema. "Na usiziguse."

Ni hivyo tu. Nilirudi mezani nimenuna. Fundi Redio akacheka hadi akachomwa na sindano. "Birika leo umekutana na birika mwenzio!"

Kwa siku tatu tulishona. Magauni yalining'inia ukutani yamenyooka, na kusema kweli yalikuwa mazuri. Hata fundi simu alichungulia akauliza kama tunafungua duka.

Wahudumu wakaja kujaribu, pamoja na msimamizi wao. Wa kwanza akavaa, akasimama mbele ya kioo, akazunguka. Safi. Wa pili, safi. Nilikuwa nimeanza kuutazama mkasi kama kitu changu. Kisha wa kwanza, aliyekuwa akiwasubiri wenzake, akaketi kwenye benchi. Yaani alijaribu kuketi. Alifika nusu ya njia, akabaki hapo ameinama kama aliyeshikwa na mgongo.

"Fundi, hii inakataa."

"Inakataa nini?"

"Inakataa kukaa."

Nilidhani anadeka. Nikamwambia nguo mpya ndivyo zilivyo, italegea. Wakati huo Mama Mapacha naye amevaa, zipu imefungwa kwa nguvu za watu wawili, na uso wake umekuwa na rangi nisiyoipenda.

"Sikiliza, dada," alisema kwa pumzi fupifupi. "Kazi yetu si kusimama mbele ya kioo. Mimi natandika vitanda ishirini kwa siku. Kitanda kinatandikwa hivi."

Akainama kuonyesha.

Ubavu wa kushoto ulipasuka kuanzia kwapani hadi nyongani, kwa mlio mrefu, wa taratibu, kana kwamba unataka kila mtu apate nafasi ya kuusikia. Chumba kikawa kimya. Halafu Fundi Redio, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite salama, akasema, "Hicho kitanda kimetandikwa."

Walicheka wote isipokuwa watatu: mimi, msimamizi, na Mama Mapacha.

Msimamizi alichukua gauni la karibu akaligeuza ndani nje. Alivuta mshono kwa kucha. "Hapa hakuna cha kuachia," alisema. "Fundi, utapanua na nini? Na wageni wanaingia Jumatatu!"

Nilichukua daftari langu, nikamshika Mama Mapacha kiuno, nikampima upya. Sentimita tano zaidi ya nilizoandika. Nikampima mwingine. Nne. Mwingine. Nne na nusu.

"Lakini niliwapima mwenyewe! Mmenenepa wote kwa siku chache hizi?"

Mama Mapacha aliniangalia kwa huruma iliyonikera kuliko matusi. "Mwanangu, ukizungushiwa futi kiunoni mbele ya wenzako, wewe huvuti tumbo ndani?"

Nilimgeukia shangazi. Alikuwa dirishani, ametulia, anaitikia kwa kichwa polepole, si kwangu bali kwa msimamizi, akimwambia magauni yatakuwa tayari Jumapili jioni, neno lake. Msimamizi alimfahamu kwa miaka mingi. Akakubali, akatoka na watu wake, Mama Mapacha akiwa amejifunga shuka la karakana ubavuni.

Mlango ulipofungwa nililipuka.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Uliwaona wakivuta matumbo, ukala chungwa!"

"Watu wote huvuta matumbo, tangu nianze kazi hii. Wanaume ndio zaidi. Unadhani vidole vitatu ni vya nini? Ni vya pumzi wanayoificha."

"Kwa nini hukusema hivyo? Miaka miwili unasema vidole vitatu, vidole vitatu, kama wimbo! Hukuwahi kusema ni vya pumzi!"

"Ningesema, ungeniletea chuo." Akaondoka dirishani, akavuta kiti akakiweka chini ya rafu. "Panda ulete kile kitambaa."

Nilipanda. Sijawahi kushusha kitu kwa uchungu vile. Mita tatu na nusu, aproni saba, ziliteremka mikononi mwangu, nikaelewa kwa nini hakutaka niziguse. Nikakasirika upya, maana mtu anapokuona unakwenda shimoni, kisha badala ya kupiga kelele anakwenda kuandaa ngazi, hujui kama anakupenda au anakukomoa.

Jumamosi na Jumapili mchana tulifumua mbavu ishirini na nne. Nilikata vipande virefu kutoka kwenye akiba yangu na kuvipachika kila ubavu, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Shangazi alishikilia, mimi nikakata, Fundi Redio akashona bila kulipwa siku hizo mbili. Mara hiyo hakutania sana. Alisema mara moja tu, "Angalau hukuzishona aproni," nami nikajua hiyo ndiyo huruma yake. Ubavu uliopasuka niliubadilisha wote. Uzi wetu wa rangi ile ulikwisha Jumapili saa nane, maduka yamefungwa, yamebaki magauni mawili. Fundi Redio alinitazama. Nilikwenda kwenye mkebe. Nyuzi zilizokufa zilitosha, na bado zilibaki. Nilimwekea mkebe mbele ya cherehani yake, nikausogeza kidogo ili auone vizuri.

Jioni wahudumu walivaa, wakaketi, wakainama, wakanyanyua mikono. Mama Mapacha alitandika vitanda vitatu vya hewani mfululizo. Msimamizi alilipa, ila alipunguza kidogo kwa usumbufu, na kile kidogo shangazi alikitoa kwenye ujira wangu bila kupepesa macho. Kati ya mita tatu na nusu kilibaki kipande cha kufutia vumbi cherehani.

Jumatatu nilifika mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mgeni mezani, mwanamume mwenye mkasi wake mwenyewe kwenye mfuko wa ngozi. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kusema nikirudi kwenye pindo. Hakukuwa na mtu. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametandaza mezani kitambaa cha zambarau nilichokuwa nikikiona kabatini kwake tangu utotoni, kile alichosema hakuna fundi wa kumkatia.

"Nipime," alisema.

Nilidhani sikusikia. "Wewe?"

"Kuna mwingine hapa? Na ukikata, kata kwa akili. Hicho hakinunuliki tena."

Nilichukua futi. Nilimzungushia kiunoni, nikasoma namba, nikamtazama usoni. Alikuwa anatazama dari, amekaza shingo, kimya kabisa.

"Shangazi."

"Mm."

"Pumua."

"Napumua."

"Shangazi!"

Akaachia. Futi ilinikimbia mkononi. Fundi Redio, aliyekuwa anaingia mlangoni, akageuka akatoka tena nje ili acheke vizuri.

Niliandika namba ya kweli. Nikachora mstari juu ya zambarau, nikaweka chaki nje yake. Shangazi alikuwa amekwisha kwenda dirishani na kunipa mgongo.

"Vidole vitatu," alisema bila kugeuka.

Nilikitazama kile kitambaa, kilivyo kizuri, kisichonunulika tena. Nilifikiria kitambaa chote hicho kilale ndani, gizani, miaka yote, kikisubiri mtu avute pumzi.

"Viwili na nusu," nikasema. "Nimekupima ukiwa umepumua."

Kisha nikasikia kisu kikianza kumenya chungwa, nami nikachukua mkasi.